Droni za mwendo wa pole na upepo wa Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa Lamu, kazi yangu ni kurusha droni ya mabawa, ile ya kilo nne hivi unayoirusha kwa mkono, tunapiga picha mikoko na ufuo huku Lamu na mara nyengine tunashuka mpaka Malindi. Kila msimu upepo ukikaza vijana wananitumia maswali yale yale kwa simu, nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja. Droni ninayoisema inakwenda mita 16 au 17 kwa sekunde, kama kilomita 60 kwa saa, spidi ya bodaboda kwenye lami nzuri, na Kusi la Julai, ule upepo wa msimu wa kutoka kusini, likiamua linafika nusu ya hapo bila taabu. Sasa kitu kinachokwenda 16 kikikutana na upepo wa 8, hesabu yote uliyoipiga nyumbani inabadilika.

Betri yangu imeandikwa dakika 60, mbona Kusi likivuma haitoshi hata nusu ya safari?

Betri haijakudanganya, dakika ulizipata, kilomita ndo hukuzipata. Droni haijui ardhi wala haijui Shela, kile kijiji cha hapa Lamu, iko wapi, inaogelea ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Kwa hivo kuna spidi mbili na lazima uzitenganishe kichwani: spidi ya hewani, yaani inavyopita kwenye hewa, hiyo ndo inayokula betri, na spidi ya ardhini, hiyo ndo inayokufikisha. Ukienda 16 upepo wa 8 ukiwa usoni, ardhini unapata 8 tu. Ukigeuka upepo ukawa mgongoni unapata 24. Mota inakula vile vile safari zote mbili. Yaani kilomita moja ya kwenda na upepo inakugharimu theluthi moja ya kilomita ya kurudi nao usoni. Ukilishika hili umeshika nusu ya kazi.

Lakini si kwenda na kurudi vinafidiana? Nikipoteza huku napata kule.

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana, hayafidiani hata siku moja. Chukua kilomita 10 kwenda, 10 kurudi. Siku shwari kwa mita 16 ni sekunde 1250 jumla, kama dakika 21. Weka upepo wa 8: kwenda kwa mita 24 unatumia sekunde 417, kurudi kwa mita 8 unatumia 1250, jumla 1667, karibu dakika 28. Theluthi nzima zaidi na umbali ni ule ule. Sababu ni kwamba ule upande mbaya unakaa ndani yake muda mrefu, na ule mzuri unapita haraka, kwa hivo hasara unaila kwa dakika nyingi na faida unaionja kidogo tu.

Hata upepo wa ubavu unakula. Upepo wa 8 ukiwa ubavuni kabisa droni inabidi ielekeze pua kwenye upepo nyuzi 30 ili ibaki kwenye mstari, na ardhini inabaki na kama mita 13.9. Safari ile ile inakuwa sekunde 1440 na kitu. Afadhali kuliko usoni na mgongoni, lakini si bure.

Wazee wetu hili wanalijua zamani. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 na rubani wa baharini aliyepewa hapo hapo Malindi, Kusi ndo linaanza, wakafika India kwa siku kama 23. Kurudi hakusubiri Kaskazi, upepo wa msimu wa kutoka kaskazini, ikomae, akashika bahari mapema, ikamchukua kama miezi mitatu na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye kabla hawajaona Malindi tena Januari 1499. Bahari ile ile, umbali ule ule. Nikipita pale kwenye nguzo yake Malindi huwa nawaonyesha vijana nawaambia hilo ndo somo la kwanza la kupanga safari.

Niende spidi gani upepo ukiwa usoni? Mimi hupunguza ili betri isiishe.

Usipunguze! Hapa watu wengi wanaumia, manake akili inakwambia pole pole inaokoa, na siku shwari ni kweli kiasi, lakini upepo ukiwa usoni ukipunguza unakaa hewani unapigana na upepo bila kusogea.

Kila ndege ina spidi mbili muhimu. Ya kwanza ni ile inayokula nguvu kidogo kabisa kwa dakika, hiyo ni ya kukaa hewani muda mrefu. Ya pili iko juu yake kama theluthi moja, hiyo inakupa kilomita nyingi zaidi kwa betri moja siku isiyo na upepo. Tuseme droni yako ya kwanza ni 13 na inakula wati 88, ya pili ni 17 inakula wati 100. Ukiisukuma mpaka 21 itakula kama wati 133. Unaona 133 unaogopa. Sasa weka upepo wa 10 usoni na kilomita 10 za kwenda. Kwa 17 ardhini unapata 7, utakaa sekunde 1429, umekula karibu wati-saa 40. Kwa 21 unapata 11 ardhini, sekunde 909 tu, umekula wati-saa 33 na nusu. Umekwenda haraka zaidi na umeokoa kama asilimia 15. Siku ya kwanza nilipoipiga hesabu hii nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Kanuni ya kichwani ambayo marubani wa glaida, zile ndege zisizo na injini, wanaitumia: chukua spidi yako nzuri ya siku shwari, ongeza nusu ya upepo wa usoni. Upepo 10, ongeza 5. Si hesabu kamili lakini iko karibu vya kutosha na unaweza kuifanya umesimama kwenye mchanga.

Upepo ukiwa mgongoni punguza kidogo, kwa mfano wetu kutoka 17 mpaka 15 na nusu hivi, lakini faida yake ni ndogo sana, asilimia mbili tatu, kwa hivo usijisumbue. Akili yako yote iweke kwenye ule upande wa usoni.

Niruke juu au chini?

Ukipigana na upepo shuka, ukisukumwa nao panda. Upepo karibu na ardhi unakwaruzwa na miti, nyumba na mchanga unapungua nguvu, ukipanda unakaza. Kwa kawaida ya nchi kavu iliyo wazi, ukiwa na upepo wa 7 kwenye mita 10, kwenye mita 30 unapata kama 8, na kwenye mita 100 unafika karibu 10. Kwa droni ya 17 tofauti hiyo kati ya mita 30 na mita 100 ni kama dakika nne kwenye kilomita 10 za upepo wa usoni. Dakika nne ni nyingi, ndo zinazotenganisha kutua nyumbani na kutua kwa mtu.

Watu wanasema kupanda kunakula betri. Kupandisha kilo nne kwa mita 70 ni chini ya wati-saa moja kwa hesabu tupu, ukiweka hasara za mota na propela pengine moja na nusu, na nyingine inarudi ukiteremka bila mota. Ni kidogo mno ukilinganisha na unachookoa.

Juu ya maji tofauti ya juu na chini ni ndogo zaidi kwa sababu bahari ni laini kuliko msitu, kwa hivo usitegemee sana, na chini sana kuna chumvi. Chumvi usiichezee. Nilifungua mota moja baada ya msimu mmoja tu wa kuruka chini juu ya mawimbi, zile bearingi zimekamata rangi ya kutu na ukizungusha kwa kidole unasikia zinasaga kama mchanga kwenye meno, na mota inayosaga inakula betri hata ukipanga safari vipi. Tangu hapo kila jioni napangusa kwa kitambaa na maji baridi kidogo, yaani yasiyo na chumvi.

Halafu yale machuguu ya mchanga ya Shela. Ukiruka upande wa demani, kule upepo unakoelekea, nyuma ya vilima, hewa inajipindua, droni inapigwa juu chini, otopailoti, ile kompyuta inayoiongoza, inahangaika kuisawazisha. Pita upande wa joshi, kule upepo unakotoka, au kaa mbali na vilima.

Nipige bisho kama jahazi?

Swali hili aliniuliza nahodha mmoja mtu mzima pale gatini na lilinifurahisha manake ni swali la mtu anayejua upepo. Jahazi linapiga bisho kwa sababu tanga halipati nguvu upepo ukiwa puani, lazima upepo uje kwa pembe. Droni ina mota yake, inaweza kwenda puani moja kwa moja. Ukienda kombo kombo upepo ukiwa sawa kila mahali unaongeza njia tu.

Lakini nahodha yule hakukosea moja kwa moja. Upepo ukiwa haulingani mahali na mahali, kuzunguka kunalipa. Pengine ukijibanza nyuma ya kisiwa au nyuma ya mikoko mirefu upepo ni 5, na nje kwenye bahari wazi ni 10, basi njia ya kupinda inaweza kuishinda ile iliyonyooka. Kuna mtaalamu wa hisabati wa Ujerumani, Ernst Zermelo, aliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1931, chombo chenye spidi yake ndani ya upepo unaobadilika kifuate njia gani kifike upesi, na programu za kupanga safari za ndege mpaka leo zinatembea juu ya fikra hiyo. Wewe huhitaji hesabu nzima. Angalia maji tu, pale yanapochafuka meupe upepo mkali, pale yanapolala kuna kificho.

Nitajuaje mwisho wa kwenda, kabla sijashindwa kurudi?

Hesabu yake ni moja na iandike nyuma ya boksi la betri: chukua dakika ulizonazo, zidisha kwa spidi ya ardhini ya kurudi, gawa kwa jumla ya spidi ya kwenda na ya kurudi.

Nikwambie nilivyojifunza. Julai moja tulikuwa na ruhusa ya kuruka mbali, tukarusha kutoka Mambrui kuelekea Ngomeni, Kusi mgongoni. Betri ilikuwa ya dakika 35 za kweli. Kwenda ilikuwa raha tupu, skrini inaonyesha mita 24 kwa sekunde, kule mbele tunaanza kuona ile mitambo ya Waitaliano baharini waliyokuwa wakirushia maroketi zamani, picha nzuri, nikaiacha iende dakika 10 kamili. Kilomita 14 na kitu. Nikageuza, skrini ikaandika 8. Nikaona dakika zinakwenda na ile nukta kwenye ramani kama imegundishwa. Dakika 25 zilizobaki kwa mita 8 ni kilomita 12, kwa hivo ilishuka kwenye mchanga kilomita mbili na zaidi kabla ya kutufikia, bawa limevunjika, na bahati ilikuwa tumepita juu ya ufuo si juu ya maji.

Sasa piga ile hesabu: 35 mara 8, gawa kwa 32, unapata dakika 8 na robo tatu. Hapo ndo ukuta. Na ukiweka akiba ya asilimia 20, ambayo mimi siku hizi siirukii bila, unabaki na dakika 28 na mwisho wa kwenda ni dakika 7. Dakika saba! Nilikwenda kumi nikiwa nafurahi.

Kwa hivo popote inapowezekana anza na upepo usoni, urudi ukiwa umechoka na upepo mgongoni. Utabiri ukikosea na upepo ukazidi, utajua mapema ungali karibu na betri imejaa.

Na kama safari ni ya upande mmoja?

Hiyo ndo nzuri kuliko zote, na huku visiwani inawezekana. Rushia joshini, mtu mwengine akusubiri demani na boti au pikipiki. Kwenye ile hesabu ya mwanzo kwenda na upepo kulikula robo tu ya muda wote wa safari, kwa hivo betri nzima inakupeleka mbali ajabu. Ila yule wa upande wa pili awe anajua kutua, na mtandao wa simu uwe unashika, na sehemu nyingine huko kaskazini haushiki.

Nikipiga picha za mikoko mistari niilaze vipi?

Ilaze ikate upepo, yaani upepo uwe ubavuni. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima kwa hivo hii kazi huku ni kila siku, na nimeona watu wanalaza mistari kufuata umbo la msitu bila kuangalia upepo. Kwa mistari ya usoni na mgongoni spidi inaruka 8, 24, 8, 24, picha za mstari mmoja zinarundikana na za mwengine zinaachana au zinatoka na ukungu. Ubavuni spidi ni moja kwenda na kurudi, na kwa hesabu ile ya juu unaokoa kama asilimia 13 ya muda. Ubaya wake ni kwamba pua iko kombo kwa hivo picha nazo zinakaa kombo, ongeza kupishana kwa picha ili zisiache mapengo. Anzia mstari wa demani karibu na wewe, panda mstari kwa mstari kuelekea joshi, ukimaliza uko mbali lakini unarudi na upepo.

Saa ngapi na msimu gani?

Alfajiri. Wavuvi wanatoka na umande, ule upepo mwembamba wa kutoka bara, na wewe toka nao. Jua likishapanda nchi kavu inapata moto, upepo wa bahari unaingia, na kuanzia mchana mpaka alasiri unajumlishana na ule wa msimu. Kusi kali ni Juni mpaka Agosti, Kaskazi ni Disemba mpaka Machi na kwa kawaida ni ya upole zaidi. Kazi kubwa ziwekee wakati wa tanga mbili, misimu inapopishana, upepo hauna nguvu wala hauna msimamo. Mteja akikwambia Julai, mwambie bei ya Julai ni betri mara mbili.

Utabiri wa simu unatosha?

Wa kuanzia, ndio. Kumbuka mambo mawili: upepo wa utabiri kwa kawaida ni wa mita 10 juu ya ardhi, kule unakoruka ni zaidi, na apu nyingi zinaandika kwa noti, noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, kama nusu mita kwa sekunde. Noti 20 ni mita 10. Na angalia mapigo ya ghafla, si wastani peke yake. Ukishapaa, zungusha droni mduara mmoja mkubwa kwa spidi ya hewani isiyobadilika, soma spidi ya ardhini kubwa kabisa na ndogo kabisa, toa, gawa kwa mbili, huo ndo upepo wa kweli wa pale juu.

Injini ya petroli je?

Hesabu ni zile zile, tofauti ni kwamba petroli inapungua uzito unavyokwenda. Ndege ikipungua moja ya tano ya uzito, spidi yake nzuri inashuka kama moja ya kumi, kwa hivo safari ndefu unapunguza spidi kidogo kidogo. Uwezo wake si mchezo. Agosti 1998 droni ya Aerosonde iliyoitwa Laima ilivuka Atlantiki kutoka Newfoundland mpaka Scotland, kilomita 3,270 kwa saa 26 na dakika 45. Agosti 2003 kikaja kindege cha TAM-5 chenye uzito usiofika kilo tano pamoja na mafuta yake, kikafika Ireland kwa saa 38 na dakika 52. Wote walikwenda magharibi kwenda mashariki, ndiko upepo wa kule unakoelekea kwa kawaida. Hakuna aliyejaribu kuwa shujaa upande wa pili.

Zile baluni za intaneti zilikuwa zinakwendaje bila injini ya kusukuma?

Kwa upepo mtupu. Baluni za Loon, kampuni ndugu ya Google, zilianza kazi Kenya Julai 2020 zikiwa juu kama kilomita 20, zilikuwa zinapanda na kushuka kutafuta tabaka la hewa linaloelekea zinakotaka. Mradi ulitangazwa kufungwa Januari 2021, lakini ile fikra ya kuchagua urefu kwa ajili ya upepo ndo ile ile niliyokwambia ya kushuka na kupanda.

Ruhusa?

Lazima, na si kwa droni kubwa tu. Sheria za 2020 ziko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya: droni isajiliwe, usipite futi 400, iwe machoni mwako, na karibu na kiwanja cha ndege usiruke bila idhini. Kiwanja cha Manda kinatazamana na mji wa Lamu na cha Malindi kiko mjini, kwa hivo sehemu kubwa ya tunakokaa imo. Kuruka mbali na macho kunataka kibali cha peke yake, na hifadhi ya bahari ya Malindi ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Huku Lamu waarifu pia watu wa usalama mapema, watu wana wasiwasi na haki wanayo.

Droni imesimama hewani, pua kwenye upepo, haiendi mbele. Nifanye nini sasa hivi?

Usisubiri upepo upungue. Shusha mpaka mita 30 kama chini hakuna miti wala minara, ongeza spidi mpaka uone namba ya ardhini inatembea. Ikigoma, acha nyumbani, geuza ubavu uelekee nchi kavu iliyo karibu kabisa, manake kwa ubavu bado unasogea hata pale ambapo usoni huwezi. Tua mchangani pua ikiwa kwenye upepo, itagusa chini kwa spidi ya mtu anayetembea. Halafu andika pale ilipotua kabla skrini haijazima, maji yakijaa ufuo wote unafanana.